Masaa Yasiyo na Mwenyewe

Kama kuna siku Makisio alitamani kulichana jedwali vipande vipande na kulikanyaga, ilikuwa Jumatatu ile. Na jedwali lenyewe alilichora yeye, tena kwa mkono wake, na miaka sita alikuwa akilionea fahari.

Jina hilo la Makisio mwanamke huyu hakuzaliwa nalo. Alipewa na mafundi, kwa sababu ndiyo kazi iliyokuwa ikimlisha. Mradi ukiingia kwenye kampuni yao ya ufundi, yeye ndiye anayeukata vipande vya shughuli: kubomoa mabomba chakavu, kukata mapya, kuyanyanyua kwa kreni, kuchomelea viungo, kukagua, kufunika, kuwasha. Shughuli saba. Kila moja anaipa watu wake, masaa yake na gharama yake. Kazi ikishaanza, mafundi wanajaza fomu za masaa, fomu zinaletwa mezani kwake, na yeye anagawa gharama halisi kwenye shughuli zile zile saba ili ionekane kampuni ilipona wapi na ilipigwa wapi. Kazi safi, utasema. Kazi ya kukaa kivulini. Ngoja kwanza.

Jumatatu hiyo mkurugenzi aliwaita kwenye chumba cha mikutano, akawasha ile skrini yake ya ukutani, akalitandaza jedwali la kazi ya kiwanda cha karatasi. Mkurugenzi huyu nyuma ya mgongo wake anaitwa Punguza. Ukimpelekea bei ya misumari, punguza. Ukimwambia umeugua, nadhani angekwambia upunguze homa.

"Hii hapa," alisema, akigonga skrini kwa kalamu. "Kuchomelea. Kiungo kimoja kimekula dakika mia moja za kikosi kizima. Mia moja! Kuna kikosi kingine kimeniletea bei, wao wanasema dakika hamsini. Nusu. Sasa mnieleze, hawa wetu wanachomelea au wanafuma vitambaa?"

Watu wakacheka. Makisio hakucheka. Mkuu wa kikosi hicho cha wachomeleaji tisa alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake wa tumbo moja, mtu aliyemsomesha chuo kwa kuchomelea mageti ya watu siku za Jumapili. Na kila mtu mle chumbani alijua kwamba baada ya kazi hii inakuja kubwa zaidi, ya kufunga boila mpya ya mvuke kwenye kiwanda hicho hicho, miezi minane mfululizo.

"Kazi ya boila nawapa wale wengine," Punguza akasema. "Nasaini Ijumaa ijayo."

"Bosi, yale masaa si ya kuchomelea yote," Makisio akadakia.

"Ni ya nini?"

"Mengi ni ya kusubiri."

Punguza akaitazama skrini, akaanza kuhesabu mistari kwa kidole, moja mpaka saba, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto. "Sioni shughuli inayoitwa kusubiri. Wewe unaiona? Jedwali ni la nani hili?"

Jamani, hasira zilizompanda! Maana huyo huyo Punguza, miaka sita iliyopita, ndiye aliyeukata mstari huo. Makisio alikuwa mgeni kazini, ametoka chuo na vyeti vyake kwenye bahasha, akatengeneza jedwali lenye mstari wa nane: kusubiri. Punguza akaupiga kalamu. Mteja hawezi kulipa watu wakae, alisema, mstari kama huu tukiuonyesha tunachekwa. Sawa. Mstari ukafa. Lakini masaa ya kusubiri hayakufa nao, yaliendelea kuja kila siku kwenye fomu, hayana mwenyewe, hayana pa kulala. Ndipo Makisio akafanya kile watu wa kazi yake wanachofanya wakibanwa: akatafuta shughuli yenye masaa mengi kuliko zote akayatupia huko. Ya kuchomelea. Akajiambia ni kwa muda tu, mpaka atakapopata nafasi ya kuyagawa vizuri. Hiyo "kwa muda tu" ikatimiza miaka sita, ikaota mizizi, na sasa inataka kumfukuzisha shemeji yake kazi.

"Nipe mpaka Ijumaa ijayo," alisema. "Nitakupimia mwenyewe, kwa saa, pale pale kiwandani. Ukiona dakika mia moja, saini na hao wengine."

"Pima," Punguza akasema. "Kupima hakuna gharama." Kisha akakumbuka. "Nauli utajilipia."

Jioni ile alipitia kwa dada yake. Dada alikuwa anapiga pasi sare za shule, shemeji amekaa kwenye kiti cha plastiki anajichokonoa vidole kwa sindano, anatoa vyuma vidogo vidogo vilivyomwingia. Makisio akaeleza yote bila kuficha. Alidhani shemeji atafoka. Aliyefoka ni dada.

"Yaani ni wewe?" dada akasema, akaisimamisha pasi wima. "Mwanangu anaingia chuo mwezi wa kwanza, ada tumeipigia hesabu kwenye hiyo miezi minane, halafu mtu anayetaka kutumwagia unga ni mdogo wangu wa kunyonya ziwa moja?"

"Dada, si mimi, ni jedwali."

"Jedwali lina mikono?"

"Mwache," shemeji akasema. Hakuinua macho kutoka kwenye kidole chake. "Lakini shemeji, mimi nilikuuliza. Fomu yako ina visanduku saba. Nikakuuliza, siku tukikaa tunangoja kibali niandike wapi? Ukaniambia andika kuchomelea."

"Nilisema hivyo?"

"Mara tatu. Mara ya tatu uliniambia nisikusumbue, uko kwenye kufunga hesabu za mwezi."

Alikumbuka. Afadhali angetukanwa.

"Nitalirekebisha," alisema mwishowe. "Nakuahidi, shemeji. Kila saa nitaipeleka kwa mwenyewe."

Dada akaishika tena pasi. "Ulirekebishe kweli," alisema. "Usije na maneno ya chuo."

Jumanne saa moja kamili asubuhi Makisio alikuwa kwenye geti la kiwanda cha karatasi, kofia ngumu kichwani inamcheza, saa mkononi, daftari la mistari kwapani. Kikosi kizima kilikuwa pale: watu tisa, mashine zimepangwa, vijiti vya kuchomelea vimetolewa kwenye boksi, vioo vya uso vimefutwa. Hakuna aliyekuwa anachomelea.

"Tunasubiri nini?" aliuliza.

"Karibu kazini," akasema mmoja, na wote wakaangua kicheko.

Walikuwa wanasubiri kibali cha kazi ya moto. Ndani ya kiwanda cha karatasi huwezi kuwasha hata kiberiti bila kibali, na ni haki, vumbi la karatasi halina utani. Kibali kinasainiwa na afisa usalama wa kiwanda baada ya kupima gesi. Afisa mwenyewe ni mtu mpole, anasalimia kila mtu, anauliza habari za nyumbani, na hajawahi kufika kabla ya saa mbili na nusu. Akifika, kipimo chake hakina chaji. Kikishachajiwa, anapima sehemu nane polepole, halafu anagundua kitabu cha vibali kimebaki ofisini kwake, upande wa pili wa kiwanda. Siku hiyo moto wa kwanza uliwaka saa tatu na dakika arobaini. Makisio akaandika.

"Unaandika nini?" afisa usalama akauliza, akitabasamu.

"Masaa ya kusubiri kibali."

Tabasamu likayeyuka. "Usiniandike mimi, dada yangu. Mimi ni usalama. Usalama hauna masaa."

"Watu tisa wamekaa hapa masaa mawili na dakika arobaini, afande."

"Wamekaa salama," akasema, akaenda zake.

Haya. Moto ukawaka, watu wakainama. Na hapo ndipo Makisio alipotoa macho, kwa sababu miaka yote sita aliwajua wachomeleaji kwa fomu tu, hajawahi kukaa kuwatazama. Shemeji yake, mtu mzito wa maneno, mvivu hata wa kuhamisha kiti nyumbani, alikuwa na kasi ya ajabu. Bomba likikaa sawa, anagusa, anazunguka, anapigapiga kwa nyundo ndogo kuondoa maganda, anapapasa kwa glavu, anaenda la pili. Makisio alipima kiungo cha kwanza, akadhani saa yake imekufa. Akapima cha pili. Akapima cha tatu. Wastani ulikuwa chini ya dakika arobaini. Alitamani kupiga vigelegele.

Kisha kila kitu kikasimama tena. Bomba lililofuata lilipaswa kunyanyuliwa kwa kreni, na kreni ilikuwa imeondoka. Kreni ni moja. Kampuni inaikodi kwa siku, na kiwanda nacho kinaiazima kupakia marobota ya karatasi kwenye malori, ati mara moja tu. Makisio akamfuata dereva wa kreni, akamkuta juu kabisa kwenye kibanda chake anakula karanga.

"Shuka, watu wanakungoja!"

"Mimi naenda ninapotumwa," akajibu kutoka huko juu. "Wewe ndiye Makisio? Mbona kwenye makisio yako mimi nimeandikwa masaa mawili kwa siku? Nimefanya mawili. Nimemaliza."

Alikuwa sahihi, bwana. Yeye mwenyewe alikisia masaa mawili ya kreni, akiwa kwenye kiti chake cha kuzunguka, bila kujua kuna malori. Akaandika: kusubiri kreni. Kalamu ilikaribia kutoboa karatasi.

Siku ya tatu ndiyo iliyomtia aibu. Aliwakuta wamekaa tena, saa tano asubuhi, kibali kipo, kreni ipo, na hakuna moto.

"Leo nani?" aliuliza, daftari limefunguliwa tayari. Alishakuwa kama askari wa barabarani.

Wakatazamana. Mmoja akakohoa. Mwingine akajifanya anatafuta kitu kwenye begi.

"Tulikuta kona moja ya bomba imeoza, haikuwa kwenye makisio," shemeji akasema. "Hatuwezi kuigusa bila karatasi ya nyongeza. Karatasi tumeipeleka ofisini jana mchana."

"Iko kwa nani?"

"Iko mezani kwako."

Walicheka mpaka mmoja akashika nguzo. Makisio naye alicheka, lakini sura ilikuwa inamwaka. Ni kweli. Karatasi za nyongeza huja kwake kwanza, azikisie. Yeye ana utaratibu wake: anazirundika kwenye trei, anazifanya zote pamoja alasiri, asikatishwe kazi. Akishazikisia zinaenda kwa Punguza, na Punguza hasaini kitu bila kukipunguza kwanza. Miaka sita utaratibu huo ulimpendeza kweli. Hakujua kwamba trei yake ikijaa, huku kiwandani watu tisa wanakaa juu ya mapipa.

Hakujionea huruma. Tangu siku hiyo alizijaza nyongeza pale pale, juu ya pipa, akazituma mbio, lakini saini ya Punguza bado ilichelewa. Akachora safu mpya kwenye daftari: kusubiri ofisi. Akajiandika na yeye ndani yake.

"Hiyo usiiandike," shemeji akamwambia kwa sauti ya chini. "Utajipalia makaa."

"Niliahidi kila saa itakwenda kwa mwenyewe."

"Shemeji, ofisini humo kuna watu wanaokula mshahara wao bila kupimwa. Kwa nini ujipime?"

Hakumsikiliza. Alikuwa na hasira na hasira ile ilikuwa imepata kazi ya kufanya. Siku tisa alikuja saa moja na kuondoka saa kumi na moja. Alibishana na afisa usalama mpaka afisa akaanza kupita mlango wa nyuma. Alimzoea dereva wa kreni mpaka dereva akawa anamrushia karanga. Miguu ilivimba, pua ilijaa vumbi, na kila mtu aliyemwandika alimwambia neno lile lile: si mimi. Hakuna hata mmoja aliyesema ni kweli, tumewachelewesha hawa watu.

Alhamisi jioni alijumlisha. Siku ya kazi ina masaa kumi. Kuchomelea kwenyewe: masaa matatu na dakika arobaini. Kukata na kulinganisha: dakika arobaini. Kusubiri kibali: masaa mawili na dakika thelathini na tano. Kusubiri kreni: saa moja na dakika hamsini. Kusubiri ofisi: saa moja na robo. Akajumlisha mara ya pili, akajumlisha kutoka chini kwenda juu. Kumi kamili. Kila siku kwa wastani viungo sita, kila kiungo kama dakika thelathini na saba. Wale wengine waliojinadi kwa hamsini walikuwa konokono. Alimpigia dada yake simu, akamwambia maneno mawili tu: "Tumepona."

Ijumaa Punguza alilisoma jedwali jipya kwa makini, akipitisha kalamu mstari kwa mstari. Makisio alikaa mbele yake na mikono magotini. Alijiandaa kwa vita. Alikuwa na daftari, alikuwa na nakala za fomu, alikuwa na picha za kreni ikipakia malori. Alipoona kalamu imefika kwenye "kusubiri ofisi", alilivuta daftari karibu.

"Hii ni sisi?"

"Ni mimi na wewe, bosi."

Punguza akaguna. Halafu, lo, akatabasamu. "Kazi nzuri," alisema. "Kusema kweli, kazi nzuri sana. Miaka sita nimetaka kuiona hii. Hawa watu wetu ni hodari kumbe."

"Ni hodari, bosi. Tena sana."

"Kiungo dakika thelathini na saba! Wale wengine wasahau. Kazi ya boila nawapa hawa hawa wa shemeji yako."

Makisio alihisi mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetua ndoo. Alitaka kuinuka akamkumbatie yule mzee mbahili. Alishaanza kukusanya makaratasi yake.

"Sasa tuandike mkataba wao vizuri," Punguza akaendelea, akavuta kikokotoo. "Tumekuwa tukiwalipa masaa kumi kwa siku. Kumbe wanafanya kazi matatu na dakika arobaini, na hizo arobaini za kukata. Manne na dakika ishirini. Mimi si mnyama. Tuandike manne na nusu."

Makisio alidhani ni utani. Alisubiri amalizie. Hakumalizia.

"Bosi, wanakuwa pale masaa kumi."

"Wanakuwa pale. Hawafanyi kazi. Hilo nimelisoma hapa, kwenye karatasi yako."

"Wanasubiri! Hawawezi kwenda popote, kibali kikitoka lazima wawepo, dakika hiyo hiyo!"

"Na nani anawasubirisha? Umeandika. Afisa wa kiwanda, kreni, ofisi. Je, kosa ni la kuchomelea?"

"Si la kuchomelea."

"Basi kwa nini kuchomelea kulipwe?"

Maneno yalikuwa yake. Neno kwa neno yalikuwa yake, aliyapanga mwenyewe siku tisa, akayapigia mstari kwa rula. Alijaribu njia nyingine: masaa ya kibali adaiwe mteja, yawekwe kwenye makisio ya boila, yaonekane. Punguza akamwambia aandike makisio yenye masaa ya watu kukaa, aone kama kazi wataipata. Akasema basi kreni ikodiwe mbili. Punguza akamwuliza kama anajua bei ya kreni. Anaijua. Akasema ofisi iharakishe saini. Punguza akasema wataangalia. Mwishowe Makisio akapoteza adabu kabisa.

"Basi lirudishe jedwali la zamani!" alipiga kelele. "Lirudishe, nimekosea kupima!"

"Nikilirudisha wanarudi kwenye dakika mia moja," Punguza akasema, hana hata hasira, "na nikiwa na dakika mia moja nasaini na wale wengine. Chagua wewe. Mimi nimemfukuza mtu hapa? Nimewapa miezi minane."

Dirisha la chumba kile lilikuwa wazi na huko nje mtu alikuwa anaosha gari la mkurugenzi, anapiga mluzi. Makisio aliusikiliza ule mluzi kwa muda kwa sababu hakuwa na jambo jingine la kufanya. Alipiga hesabu ya ada ya chuo kwa masaa manne na nusu. Haikutosha hata nusu yake. Akapiga hesabu ya kukataa, akaona sifuri. Kisha akasema, kwa sauti asiyoitambua, kwamba watachukua ya manne na nusu.

"Waulize kwanza," Punguza akasema. "Tusiwalazimishe watu."

Alifika kiwandani saa kumi alasiri. Kikosi kilikuwa kinakusanya vitu, wengine wananawa mikono kwenye bomba la nje, sabuni haitoki povu kwa grisi. Walipomwona wakampigia makofi. Dada alishampigia shemeji, shemeji alishawaambia. Mmoja alimletea pipa akae, akalifuta kwa shati lake mwenyewe.

"Mpeni soda huyu," mwingine akasema. "Ametuosha jina."

"Tumepata?" shemeji akauliza. Alikuwa anatabasamu. Mtu huyu hutabasamu mara mbili kwa mwaka.

"Mmepata," Makisio akasema. "Miezi minane yote."

Wakashangilia. Alisubiri wamalize, maana hakuweza kuendelea juu ya kelele zile, na walichelewa kumaliza. Halafu akawaambia lililobaki. Alilisema lote kwa mkupuo, masaa manne na nusu, na kwa nini, na kwamba alibishana, na kwamba alipiga kelele. Wawili watatu walicheka kwanza, wakidhani ni mzaha wa kiofisi. Aliyemletea pipa ndiye aliyeelewa mapema. Aliinama akaanza kufunga begi lake, akafunga kamba, akaifungua, akaifunga tena.

"Ina maana sisi tulikuwa tunalipwa kwa kukaa," mmoja alisema taratibu, "na hakuna aliyejua."

"Nilijua mimi," shemeji akasema.

Makisio akamgeukia. "Ulijua?"

"Ulivyonifundisha kuandika masaa yote kwenye kuchomelea, nilikuona una akili. Nilidhani unatuficha." Alifuta mikono yake kwenye suruali, kidole kimoja baada ya kingine. "Wiki iliyopita nilikwambia usiandike. Si ofisi peke yake nilikuwa nasema."

"Mbona hukunieleza wazi?"

"Uliahidi mbele ya dada yako. Na ulikuwa na furaha ya kupima, shemeji. Sikujua nikwambie nini."

Makisio alianza kulia, kilio cha hasira kisicho na sauti, makamasi yanamtiririka na hana leso. Aliomba radhi. Aliomba tena. Wanaume tisa walisimama pale wakitazama viatu vyao, na hakuna aliyesema si kitu, kwa sababu kilikuwa kitu.

"Jumatatu tunaingia saa ngapi?" shemeji akauliza.

"Saa moja."

"Na malipo yanaanza kuhesabiwa saa ngapi?"

Makisio alilijua jibu mpaka dakika yake. "Kibali kikisainiwa," alisema. "Kama saa tatu na dakika thelathini na tano."

Shemeji alitikisa kichwa mara moja, kama anavyofanya bomba likikaa sawa. Akainua begi lake begani, akawageukia watu wake.

"Mmesikia wenyewe," alisema. "Saa moja kamili, asichelewe mtu."